Kabla Mweka Hazina Hajakupigia: Kuamua Utoe Nini, kwa Nani na Lini

Kuanzia tarehe 28 hadi tarehe 5, jijini Nairobi, simu ndiyo inayoamua nani asaidiwe. Mshahara umeingia na kila mtu anajua umeingia. Kundi la WhatsApp la mliosoma nao linafufuka, la ukoo linafufuka, la kanisa wala halikuwa limelala. Orodha inaanza kuzunguka: jina, kiasi, alama ya kijani kwa aliyetuma, neno "ahadi" kwa ambaye bado. Kila anayechanga ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini na kuirudisha kundini. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, na saa tano usiku mweka hazina bado analinganisha orodha na meseji za M-Pesa. Kwenye nafasi ya saba kuna mtu ameandika 5,000. Wewe uliyekuwa umepanga 500 unaanza kusitasita.

Wakazi wa jiji hili si wabahili. Wanatoa, tena wanatoa hadi wanakopa ili watoe. Kinachowachosha ni kwamba maombi ya aina tatu yanaingia kwa simu moja, kwa lugha ile ile ya "tushikane mkono", nao wanayapima yote kwa kipimo kimoja: anayeomba ni nani, na ameomba mara ngapi. Kuna mchango, kuna wajibu, na kuna sadaka. Kila mmoja una swali lake, na ukiuliza swali la mmoja kwa mwingine utabaki na lawama moyoni hata baada ya kutoa.

Tuanze na mchango wa matanga, maana ndio unaolalamikiwa zaidi. Ukiuliza kama elfu moja iliyokwenda kwenye jeneza ingefaa zaidi mahali pengine, jibu ni ndiyo, bila shaka ingefaa. Lakini mchango huu ni bima. Mtu anayeishi chumba kimoja Kayole na anayetakiwa kuusafirisha mwili wa baba yake hadi Busia au Kisii, alipe mochari, akodi basi na alishe waombolezaji, hana akiba ya kulibeba jambo hilo peke yake. Majirani na wenzake kazini ndio kampuni yake ya bima, na 500 anazotuma kwa misiba ya wengine ndizo malipo yake ya kila mwezi. Ndiyo maana kumbukumbu ya nani alichanga na nani alinyamaza hutunzwa, iwe daftarini au kichwani.

Ukishaona hivyo, swali linakuwa jepesi: je, mimi ni mwanachama hapa? Kundi la watu mliofanya kazi pamoja zamani, ambamo sasa humjui hata mmoja na hakuna ambaye angekuja kwako kukiwa na msiba, si lako tena. Toka, na uage vizuri. Lile ambalo ni lako, lipa kiwango chako na usishindane na nafasi ya saba. Vyama vyenye busara vimelimaliza suala hili kwa katiba: kiasi ni kimoja kwa wote, imeandikwa ni misiba ya nani inayohesabiwa, yaani mzazi, mwenzi na mtoto, na tarehe ya mwisho inajulikana. Hakuna anayeringa wala anayeaibika.

Hesabu yake pia ina akili kuliko tunavyoisifu. Mia tano peke yake haifanyi lolote. Mia tano za watu 200 ni 100,000, kiasi kinachoweza kubadilisha hali ya mtu. Hiyo ndiyo kazi ya harambee tangu Mzee Kenyatta aifanye kauli ya taifa mwaka 1963, na ndivyo shule nyingi za vijijini zilivyojengwa. Wanasiasa waliichafua baadaye kwa mabunda ya noti na vipaza sauti. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 iliwabana, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto akatangaza kuwapiga marufuku kushiriki. Harambee ya mtaani haikuguswa, na haikuwa na kosa.

Bili ya hospitali ndiyo inayosumbua zaidi katika jamii hii ya michango, kwa sababu kila siku inayopita inaongezeka. Kabla ya kuuliza "nitume ngapi?" uliza nani anayezungumza na hospitali. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, imelipa sehemu gani? Familia imeonana na afisa wa ustawi wa jamii pale hospitalini kuhusu kupunguziwa au kulipa kidogo kidogo? Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu hajalipa ni kinyume cha sheria, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani. Wagonjwa bado wanazuiliwa, lakini familia inayojua uamuzi huo hujadiliana kwa sauti tofauti na ile isiyojua. Hela yenyewe, ikiwezekana, iingie kwenye Paybill ya hospitali, yaani namba yake ya malipo ya M-Pesa, ikiwa na namba ya mgonjwa, isipitie mikono mitatu.

Wajibu ni jambo jingine. Matumizi ya mama kijijini, karo ya mdogo wako, dawa za presha za baba: hayo yaweke kwenye bajeti pamoja na kodi ya nyumba, na usijihesabie kama hisani. Nimesikia watu wakisema "mimi sadaka yangu ni familia yangu" kana kwamba wamejibu kila kitu. Wamejibu nusu. Hapa fiqhi ya Kiislamu ilipambanua mapema kuliko sisi. Zaka haimwendei mzazi wako wala mtoto wako, kwa sababu kuwatunza hao ni juu yako tayari. Ukiwapa zaka utakuwa umejilipia deni lako kwa fungu la maskini. Ndugu yako mhitaji ambaye hayuko chini ya ulezi wako, huyo unaweza kumpa.

Na mpangilio mzima wa zaka unastahili kutazamwa hata na asiyekuwa Mwislamu. Kiwango kinajulikana: asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali, ambacho ni thamani ya gramu 85 hivi za dhahabu au 595 za madini ya fedha, ikiwa imekaa mwaka mzima wa Kiislamu. Wapokeaji wanajulikana: mafungu manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Siku inajulikana, kwa maana mwaka wako wa mali ukitimia ndiyo siku yako, ingawa wengi katika mitaa ya Eastleigh na South C husubiri Ramadhani kwa kutafuta thawabu zaidi. Tazama kilichotokea: kiasi, wakati na walengwa vimeamuliwa kabla mtu hajabisha hodi. Anayebisha hodi hakupi wewe kazi ya kuamua kama utatoa. Anakupa kazi ndogo tu ya kujua kama yumo. Fungu la kumi la makanisani linaamua kiasi kwa ukali zaidi, ila swali la hela iende kwa nani linabaki kwa kanisa, na ni haki ya muumini kuuliza.

Tuseme mtu anabaki na 70,000 mkononi baada ya makato, na mambo ya wazazi ameyaweka kwenye bajeti. Akijiwekea kumi kwa mia, ana 7,000 za kutoa. Elfu nne ziwe za michango. Mwezi usio na msiba zisiguswe, kwa sababu kuna mwezi utakaokuja na misiba mitatu. Elfu tatu zilizobaki ni za watu asiowajua, na kwa mwaka zinafika 36,000. Wengi hawajawahi kuiona hela hiyo ikiwa pamoja, maana huwatoka kwa mia mbili mbili.

Hapo ndipo sadaka yenyewe inapoanza, na swali lake ni lile ambalo hatukupaswa kuuliza kwa jeneza: hela hii itamfaa nani zaidi? Kwa bahati, baadhi ya majibu bora duniani yalitafutwa hapa hapa Kenya. Huko Siaya, shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya, kaya zaidi ya 10,000, na watafiti wakafuatilia vijiji 653. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa kila dola iliyoingia iliongeza shughuli za uchumi wa eneo kwa takriban dola 2.5, kwa sababu aliyepokea alinunua mabati kwa jirani, jirani akaajiri fundi, na hata wasiopokea wakafaidika. Bei za vitu karibu hazikupanda. Ile hofu ya kwamba maskini akipewa pesa taslimu atazinywa nayo ilipimwa: mapitio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2014, yaliyokusanya tafiti 19, hayakuona matumizi ya pombe na tumbaku yakiongezeka. Kinachochekesha kidogo ni Homa Bay, ambako kaya nyingi sana zilizikataa hela hizo. Uvumi ulikuwa umesema hakuna mtu anayekupa dola elfu moja bure isipokuwa shetani.

Utafiti mwingine, uliofanyika Siaya na Bomet, unajibu swali la namna. Wengine walipewa dola 22.50 kila mwezi kwa miaka miwili, wengine wakapewa dola 500 kwa mkupuo mmoja, na wengine wakaahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12. Waliopata mkupuo walianzisha biashara zaidi kuliko wale wa miaka miwili. Walioahidiwa miaka 12 nao walifanya vizuri, na sehemu ya sababu itamfurahisha Mkenya yeyote: waliingia kwenye vyama vya kuzungushiana, ambavyo kila mmoja hupokea kwa zamu, wakageuza hela ya kila mwezi kuwa mkupuo wao wenyewe. Kwa hiyo ukiwa na 36,000 zako, kumpa muuza mitumba mmoja wa soko la Gikomba ambaye kibanda chake kimeteketea, arudi kazini na robota lake, kuna uzito kuliko mia mbili kwa watu 180. Sisemi usimpe mtu mia mbili ya chakula. Nasema usiiite mpango.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo mtu mmoja hawezi kuyafanya kwa mkono wake. Dawa za minyoo ni mojawapo. Huko Busia, kuanzia 1998, wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walilinganisha shule zilizopewa dawa na ambazo zilikuwa hazijapewa. Utoro ulipungua kwa karibu robo. Miaka 20 baadaye waliopata dawa zaidi utotoni walikuwa wakilipwa kwa saa karibu asilimia 13 zaidi. Watafiti wengine waliubishia utafiti huo vikali, na ubishi haujaisha, ila kidonge chenyewe ni cha bei ndogo kiasi kwamba hata faida ikiwa nusu ya hiyo bado kinastahili. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019. Vyandarua navyo: katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, bei ilipotoka bure hadi shilingi 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure hawakuvitupa wala kuvulia samaki kuliko walionunua. Ukitaka hela yako ifike huko, inabidi ipitie shirika.

Sasa nizungumze kuhusu makao ya watoto, na najua hapa nitawaudhi wengi. Desemba ikifika, magari yanapanga foleni kwenye malango yao kuanzia Ngong hadi Ruai. Buti zimejaa unga, sukari, mafuta ya kupikia na nepi. Watoto wanaitwa nje, wanaimba, picha inapigwa, wageni wanaondoka wakiwa na machozi. Wiki inayofuata kundi jingine linakuja na unga mwingine, na kufikia Machi stoo imebaki na panya. Lakini unga si shida kubwa. Watoto wengi katika makao hayo wana mzazi au jamaa aliye hai. Kilichowapeleka pale ni umaskini. Mama hawezi karo, anasikia kuna mahali mtoto atakula na kusoma, anampeleka. Kila gunia linaloshushwa langoni linalifanya lango hilo livutie zaidi kuliko nyumbani. Serikali ililiona hilo: Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia au kwa walezi katika jamii. Ukiwa na moyo wa watoto, waulize wasimamizi ni wangapi waliwarudisha nyumbani mwaka jana na nani anawafuatilia huko. Makao yenye jibu yanastahili hela yako, na heri iwe ya karo na ya kumlipa anayezitembelea familia. Yanayoudhika kwa kuulizwa yamejibu pia.

Mtoto wa barabarani pale kwenye taa za Uhuru Highway? Mwaka 2022 wanahabari wa BBC walifichua jinsi watoto wenye ulemavu walivyotolewa Tanzania wakaletwa Nairobi kuombeshwa, na makusanyo yakaenda kwa waliowaleta. Kwa hiyo sarafu kupitia dirisha la gari sitetei. Chakula sawa, mazungumzo sawa, na fungu kwa wanaofanya kazi nao kila siku.

Kuhusu kulijua shirika, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 ikalala hadi 14 Mei 2024 ilipoanza kutumika, na mamlaka yake ndiyo iliyochukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya mashirika yasiyo ya serikali. Vikundi vidogo vya mtaani husajiliwa kwa sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Omba cheti, omba hesabu zilizokaguliwa, na unapotuma soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kubonyeza: likiwa la mtu binafsi, na bango lilisema ni wakfu, simama. Ila usidanganywe na swali maarufu la "asilimia ngapi inaenda kwa ofisi?" Shirika linaloajiri mhasibu mzuri lina gharama ya ofisi, lisilo na mhasibu lina gharama nyingine ambayo haiandikwi popote. Uliza walifanya nini na wanajuaje kilifaa. Na usisahau kuwauliza KRA, mamlaka ya kodi, kama mchango wako kwa taasisi yenye msamaha wa kodi, ukiwa na risiti, unaweza kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa.

Kukataa nako kuna ufundi. "Sina" ni uongo na kila mtu anajua ni uongo. "Fungu langu la mwezi huu limeisha, mwezi ujao niko" ni kweli, ikiwa kweli una fungu, na haimdhalilishi aliyeomba. Tangu Oktoba 2024 kuna M-Pesa Ratiba, inayotuma kiasi ulichokipanga siku uliyoichagua bila wewe kukumbuka. Iwekee ile sadaka tarehe ya mshahara, kabla orodha hazijaanza.

Limebaki la wakati, na hapa watu wenye akili hutofautiana. Kuna hoja ya kungoja: weka hela kwenye MMF, yaani mfuko wa pamoja wa uwekezaji unaozaa riba, ikue, utoe nyingi baadaye ukiwa unajua zaidi. Mfano wake maarufu ni Benjamin Franklin, aliyefariki 1790 na kuiachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja, wakopeshwe mafundi vijana kwa riba na hazina ifungwe baada ya miaka 200. Kufikia 1990 fungu la Boston lilikuwa limefika karibu dola milioni 5. Inapendeza. Lakini Franklin alikuwa amekufa; hakuwa na nafasi ya kubadilisha nia. Mimi na wewe tunaongoja tukiwa hai tuna kodi ya nyumba, gari la kutengeneza na shemeji mwenye wazo la biashara, na hela "ya sadaka ya baadaye" ndiyo ya kwanza kuguswa. Zaidi ya hayo, msaada wa mapema mara nyingi ni wa bei nafuu. Mjomba wako anayefanya vibarua anaweza kuwekwa kwenye SHA kwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka, akilipa mwaka mzima kwa pamoja. Linganisha na mchango utakaoitishwa siku atakapolazwa.

Ukame ndio unaoonyesha jambo hili waziwazi. Mwishoni mwa Julai 2011 kampeni ya Kenyans for Kenya ilianza, ikilenga shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na Wakenya wakazipita, wengi kwa M-Pesa ya mia moja na hamsini hamsini. Ilikuwa fahari. Lakini mvua zilikuwa zimekosekana tangu mwishoni mwa 2010. Kule Somalia, ambako njaa ilitangazwa rasmi 20 Julai 2011, takriban watu 258,000 walikufa katika janga hilo, na wengi walikuwa wamekufa kabla ya tangazo. Hela ilifuata kamera, na kamera zilifuata makaburi.

Siku hizi huna haja ya kungoja kamera. Mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 za maeneo kame, ikionyesha kila kaunti iko hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Kaunti ikiwa kwenye tahadhari, mfugaji wa Marsabit au Wajir bado ana mbuzi wa kuuza kwa bei ya haki, na hela kidogo ya majani na maji inamwokoa mbuzi na maziwa ya mtoto pamoja. Ikifika dharura, mnada umejaa mifugo iliyokonda, hakuna mnunuzi, na kiasi kile kile kinanunua unga wa siku chache tu. Anayetaka fungu lake la mwaka lifanye kazi zaidi asome taarifa hizo, kisha atume kaunti inapotoka kawaida kuingia tahadhari, miezi kadhaa kabla namba ya Paybill haijaanza kupita chini ya skrini ya taarifa ya habari.